Yoga, jogingi au mshauri: kipi kinatuliza kichwa zaidi?

Binti_Tegeta: Wakuu habari zenu. Mi ni mhasibu, kila tukifunga mwezi usiku silali, moyo unaenda mbio hivihivi tu, daktari kanipima kasema mwili uko fiti ila ni wasiwasi. Shoga yangu ananivuta jogingi klabu ya mtaani, wa kazini anasema yoga, dada yangu anasema mshauri nasaha. Hela yangu inatosha kimoja tu, nichague kipi?

MzeeWaKasi: Jogingi dada, wala usiwaze. Jumapili asubuhi kundi zima barabarani, nyimbo, jasho, mkirudi ni supu. Mtu mwenye mawazo asikae peke yake kwenye mkeka.

Nuru254: Jogingi poa, sikatai, lakini kwa usingizi yoga iko mbele, mimi naifunza hapa Nairobi na naona watu wanavyobadilika. Ila yoga si moja. Vinyasa itakutoa jasho kama jimu, wewe tafuta hatha ya polepole ama yin, hiyo unakaa pozi moja dakika 3 hadi 5. Siri iko kwa pumzi, ukiitoa kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta mapigo ya moyo yanashuka. Leo kabla ya kulala tandika khanga sakafuni, lala chali matako karibu na ukuta, miguu juu iegemee ukutani, vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6. Dakika 10 hivi.

Abuu_Tanga: Na upande wa dini? Nasikia zile mantra za yoga, maneno yanayorudiwarudiwa, ni ibada.

Nuru254: Asili yake ni India, kwa Wahindu, hilo sifichi ndugu yangu. Aina ya yoga inaitwa kundalini ina mantra kibao. Hatha unaweza fanya pozi na pumzi bila kutamka neno, muulize mwalimu mapema, na roho ikikataa basi acha.

Nesi_Moro: Niko kitengo cha afya ya akili, naongeza kidogo. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2020 kwenye jarida la kitabibu JAMA Psychiatry, watu 226 wenye wasiwasi uliopitiliza, wiki 12. Waliopewa tiba ya mazungumzo, ile CBT, walipata nafuu kama 71 kwa kila 100, wa kundalini yoga 54, waliofundishwa tu kuhusu stresi 33. Kwa hiyo yoga inasaidia kweli na wagonjwa wangu nawaambia wafanye, ila hela weka kwa mshauri. Na yeyote anayesoma hapa akiwa na mawazo ya kujidhuru, asisubiri mkeka wala raba, aende hospitali leo leo.

Binti_Tegeta: Asanteni sana jamani. Basi hela kwa mshauri, ukuta ni wa bure naanza usiku huu. Nesi, kwa huku Tegeta naanzia wapi?

Nesi_Moro: Nenda hospitali ya Mwananyamala, ulizia kliniki ya afya ya akili. Wahi asubuhi, beba na kadi ya bima kama unayo.