Mchezaji anasaini huku, anatokea kule: tumlaumu nani?

Mchikichini
Wadau, naomba tulijadili hili kama watu wa mpira, utani tuuweke pembeni. Dirisha la usajili la mwaka 2024 lilinichosha roho. Lameck Lawi alitambulishwa Simba, picha zikasambaa, tukapongezana. Haukupita muda klabu yake, Coastal Union, wakasema biashara imekufa kwa kuwa malipo hayakufanyika ndani ya muda waliokubaliana, na kijana akaenda zake Ubelgiji kwenye majaribio. Yusuf Kagoma naye, Yanga wakasema alisaini kwao, sisi tukamwona Msimbazi, kwa Simba. Awesu Awesu, klabu yake KMC walikwenda TFF, shirikisho la mpira la nchi, kamati ikasema bado ni wao, mwisho wakubwa wakakaa mezani akabaki Simba. Kibu Denis kaongeza mkataba, wenzake wako kambini, yeye yuko Norway. Prince Dube kaaga Azam huku mkataba wake unabishaniwa, katokea Jangwani, kwa Yanga. Dirisha moja hilo!

Swali langu: mchezaji akisaini mara mbili, au akigoma akiwa ndani ya mkataba, kwa nini asifungiwe msimu mzima? Shabiki ndiye ananunua jezi, ndiye analipa kiingilio, na ndiye anazomewa kijiweni mtu wake akihamia kwa mtani. Wageni wana afadhali. Wazawa wamezidi, mtu analipwa milioni nne kwa mwezi halafu anatuletea habari za ugali na sukari.

Binti Malindi
Umeandika vizuri mpaka ulipofika kwenye ugali na sukari. Hapo umeniudhi. Yale yalikuwa maneno ya mama mzazi wa Feisal, yule kiungo aliyegombana na Yanga akitaka kuondoka, akimtetea mwanawe, na mji mzima mkayafanya wimbo. Miaka inapita, bado mnayo mdomoni. Mama akizungumzia mwanawe mnataka aongee kama msemaji wa klabu? Sisi Unguja tulimjua Fei akiwa JKU, nyie hamjamsikia hata jina. Kijana aliweka milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, 100 za kuvunja mkataba na 12 za mishahara ya miezi mitatu. Hakutoroka usiku. Fedha zake wakamrudishia.

Damu ya Jangwani
Dada yangu, nakuheshimu, lakini mkataba hauvunjwi kwa kuweka fedha benki kisha kuaga mtandaoni. Januari 2023 kamati ya TFF ilisema Feisal ni mchezaji halali wa Yanga. Akaomba mapitio, Machi jibu likawa lile lile. Na alituacha wakati gani? Katikati ya msimu, tuko Kombe la Shirikisho Afrika! Tulifika fainali bila yeye. USM Alger wakatufunga 2-1 Uwanja wa Mkapa, tukaenda Algiers tukashinda 1-0, kombe likaondoka kwa sheria ya bao la ugenini. Bao moja. Kiungo mwenye shuti la mbali kama lile yuko nyumbani kakaa. Mimi lile kombe sitalisahau mpaka naingia kaburini, kwa hiyo usiniletee huruma za mama.

Simba wa Temeke
Fainali tena! Mada ya usajili, mtu kaingiza fainali. Nyie ndio walimu wa mchezo huu. Kelvin Yondani mlimbeba 2012. Mwaka 2013 Simba tumemuuza Emmanuel Okwi Etoile du Sahel kwa dola 300,000, fedha hazijaonekana, Desemba tunamwona kavaa kijani na njano za Yanga. Nani alikuuliza uaminifu siku ile?

Damu ya Jangwani
Na Morrison je? Machi 2020 akiwa Yanga kawafunga kwa faulo, 1-0, mmetoka uwanjani vichwa chini. Agosti mnamkumbatia. Tulikwenda mpaka CAS, mahakama ya michezo, kudai haki yetu.

Simba wa Temeke
Na CAS wakawaambia nini? Mlishindwa. Kamati ilishasema mkataba mliokuwa mnaushikilia haumfungi. Halafu 2022 mkamrudisha wenyewe, tena kwa shangwe. Kama alikuwa msaliti mlimrudisha wa nini?

Mtoto wa Ilala
Mchikichini, umesema wageni wana afadhali. Hesabu nami: Morrison Mghana, Okwi Mganda, Haruna Niyonzima Mnyarwanda aliyetoka Yanga kwenda Simba 2017 akarudi Yanga 2020, Clatous Chama Mzambia, Baleke Mkongo, Dube Mzimbabwe. Hao ndio afadhali yako? Mzawa akihama anaitwa msaliti mpaka nyumbani kwao, mgeni akihama mnasema yule ni mtu wa kazi. Ajibu, mzawa, alipohama Simba kwenda Yanga alitukanwa kuliko Chama, na Chama ndiye alikuwa roho ya Simba.

Wakili Kinondoni
Nimesoma yote, mnabishana bila kusoma kanuni. FIFA wana kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji. Anayevunja mkataba bila sababu ya msingi ndani ya kipindi kinacholindwa analipa fidia na anafungiwa miezi minne, na kosa likiwa zito linafika sita. Kipindi hicho ni misimu mitatu au miaka mitatu kwa aliyesaini kabla hajatimiza miaka 28. Aliyesaini akiwa amevuka umri huo ni miwili. Klabu iliyomshawishi nayo inaweza kuzuiwa kusajili madirisha mawili. Hata mchezaji mwenye mkataba haruhusiwi kusaini kwingine mpaka ubaki miezi sita. Kwa hiyo adhabu ya Mchikichini ipo siku nyingi. Haipo nia ya kuitumia.

Simba wa Temeke
Wakili, hilo la "bila kusoma" kamwambie mwingine. Mimi nina elimu yangu na sikuja hapa kupewa mtihani. Kama unajua sana, tuambie Kagoma alisaini wapi kwanza.

Wakili Kinondoni
Sikukulenga wewe.

Simba wa Temeke
Umejibu juu ya posti yangu. Ulimlenga nani?

Gosi wa Ngamiani
Nimevumilia. Kila mada ya Lawi inaandikwa kana kwamba Coastal tulifanya utapeli. Simba walikubaliana na sisi bei na tarehe. Tarehe ikapita. Sisi tukae tunasubiri kwa sababu ni Simba? Ile ilikuwa timu iliyotoka kumaliza nafasi ya nne, inaelekea mashindano ya Afrika, beki wa kati ndiye huyo huyo, na kocha anataka kujua anaye au hana. Coastal ni bingwa wa nchi wa 1988, si shamba la kuvunia. Mngekuwa mnadaiwa na Al Ahly mngelipa siku ile ile.

Mtoto wa Ilala
1988 mzee? Wengi humu hatujazaliwa.

Gosi wa Ngamiani
Kutozaliwa kwako hakulifuti kombe.

Boksi Houston
Salamu kutoka huku. Nawasoma nacheka kwa uchungu maana huku Texas hali ni hiyo hiyo, na wanaohangaikiwa ni watoto wa sekondari. Ule mpira wao wa Kimarekani, vyuo vikuu vinagombania vijana wa miaka 17. Mtoto anakaa mezani, kofia za vyuo zimepangwa mbele yake, anavaa moja, mji mzima unalipuka. Ile ahadi ya mdomo haimfungi hata kidogo. Ni posa bila mahari: wiki mbili kabla ya kusaini anageuza, na watu wazima wanamtukana mtoto mtandaoni. Tangu 1964 walikuwa na barua ya kusaini iliyomfunga mwaka mmoja, nayo wameifuta mwaka 2024. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina na sura zao, basi sasa aliyesaini jana anahama msimu ukiisha. Jirani yangu hapa, mtu mzima mwenye wajukuu, kagoma kununua tiketi ya msimu kwa sababu ya mrusha mpira mmoja aliyebadili chuo.

Damu ya Jangwani
Kaka wa Houston, mambo ya kofia tuachie. Sisi tunazungumzia mtu mzima mwenye mkataba uliosainiwa.

Boksi Houston
Ndicho ninachosema. Huku ahadi ya mdomo haimfungi mtoto ndiyo maana wanahama. Huko mkataba upo na bado wanahama. Tatizo lenu kubwa kuliko la huku.

Mtoto wa Ilala
Ukitoka nje ya nchi kidogo tu, kila kitu cha nyumbani kibaya.

Boksi Houston
Mimi ni mwanachama mwenye kadi, ada nalipa kila mwaka. Usinifundishe nyumbani ni wapi.

Mzee Gerezani
Wanangu, tulieni. Haya hayakuanza 2024. Zamani mchezaji alikuwa anafichwa kwenye nyumba ya mwanachama, hatoki mpaka siku ya usajili, na chakula analetewa ndani. Yanga ilipopasuka katikati ya miaka ya sabini na Pan African ikazaliwa, watu wa mtaa mmoja walinuniana mpaka misibani. Mwaka 2012 Simba walijua Mbuyu Twite ni wao, fedha zimetoka, na kijana katua Dar kavaa jezi ya Yanga iliyoandikwa mgongoni jina la Rage, mwenyekiti wa Simba wakati ule. Nilikuwa na umri wa kutosha nikaona hiyo imevuka utani. Kiongozi wa mpira hakupaswa kuruhusu. Lakini nani aliadhibiwa? Mnamtaka mchezaji afungiwe, kiongozi aliyempelekea fedha usiku anakaa jukwaa la wageni mashuhuri.

Binti Malindi
Shikamoo mzee. Umesema kweli tupu. Nakumbusha tu kwamba Mchikichini hajaomba radhi.

Mchikichini
Radhi ya nini? Nimesema ukweli. Milioni nne kwa mwezi ni fedha ya mkuu wa idara mahali. Mwalimu anapata kiasi gani? Mwalimu akigoma anafukuzwa.

Mwana Ujiji
Mimi nashangaa kwa nini ugali na sukari ni tusi. Shuleni bweni tumekula, nyumbani tumekula mboga ikikosekana, na tumekua. Anayecheka ugali na sukari amelelewa wapi? Mimi niliumia ile siku kwa sababu ilionekana umaskini ni aibu ya mtu.

Damu ya Jangwani
Hakuna aliyecheka umaskini. Klabu ilionekana inamlisha mchezaji vibaya, na haikuwa kweli. Sisi tulitukanwa nchi nzima. Huo ndio uchungu wetu.

Mwana Ujiji
Uchungu wa klabu. Wa mama haukuhesabiwa.

Winga Mstaafu
Naomba niseme kwa kuwa nimecheza. Madaraja ya chini miaka mingi, ligi kuu kidogo. Klabu moja, siitaji, nilisaini kwa ahadi ya fedha ya usajili kulipwa kwa awamu. Awamu ya kwanza nilipata, ya pili ikawa "subiri mdhamini", ya tatu sikuiona. Mshahara ukachelewa mpaka mwenye nyumba akabadilisha kufuli. Nakala ya mkataba sikupewa, nilionyeshwa nikasaini, kiongozi akaondoka nayo. Nilipodai, ikatangazwa kwamba nina utovu wa nidhamu, na mashabiki wakanizomea mazoezini. Hao hao ambao leo wanauliza uaminifu.

Kanuni anazosema Wakili zina upande wa pili. Mchezaji akikosa mishahara ya miezi miwili, anaandika barua, anatoa siku 15, asipolipwa anaondoka huru. Sikuijua mpaka nimeacha mpira. Vijana wengi hawaijui mpaka leo, wanasimamiwa na mjomba au rafiki, na wakala anayejua kanuni ni wa klabu. Kijana wa miaka 20 anapigiwa simu na klabu mbili usiku mmoja, wote wanamwita mwanangu, wote wana bahasha. Anasaini ya kwanza kwa njaa, ya pili kwa hofu. Mnataka afungiwe msimu mzima. Na ile klabu iliyomsainisha ikijua ana mkataba kwingine? Simba na Yanga zote zimewahi kuzuiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na klabu nyingine. Sijaona shabiki aliyerudisha jezi kwa hilo.

Damu ya Jangwani
Kwa hiyo Fei alikuwa anadai mishahara? Jibu ndiyo au hapana.

Winga Mstaafu
Sikumtaja Fei popote. Nimesimulia yangu.

Damu ya Jangwani
Unamtetea kwa kuzunguka. Yeye mwisho alipata alichotaka. Yanga tumealikwa Ikulu Juni 2023 kupongezwa kwa fainali, Rais wa nchi akamwambia kiongozi wetu Hersi suala la Fei limalizwe, siku chache tu kauzwa Azam. Kamati, mapitio, vikao, vyote vikaisha mezani kwa chakula cha jioni. Kesho mchezaji gani ataiogopa kamati?

Binti Malindi
Rais alimaliza jambo ambalo viongozi walilishindwa miezi sita. Mngependa kijana akae mpaka miguu iote kutu?

Wakili Kinondoni
Hapo namuunga mkono Damu ya Jangwani. Mkuu wa nchi kusema neno ni jema kwa amani, lakini shauri la mkataba likimalizwa hivyo, kamati inabaki ya watu wadogo. KMC dhidi ya Simba waende kwenye kamati, Feisal aende Ikulu?

Gosi wa Ngamiani
Coastal hatujaalikwa Ikulu.

Mchikichini
Tumetoka kwenye swali. Basi niliulize hivi: klabu izuiwe kumtambulisha mchezaji mpaka klabu anayotoka ithibitishe kwa maandishi kwamba imelipwa. Picha, video, jezi, vyote visubiri. Nani anapinga?

Simba wa Temeke
Mimi napinga. Simba Day tutaonyesha nini? Watu wanajaza Mkapa kuona sura mpya, wadhamini wanalipa kwa ajili ya siku ile. Ukisubiri barua za kila klabu tutapanda jukwaani na kipa wa mwaka jana.

Gosi wa Ngamiani
Lipeni Julai, Agosti mtambulishe. Tarehe ya Simba Day mnaijua mwaka mzima.

Simba wa Temeke
Na Coastal mlete hapa barua mliyotuandikia kuvunja ile biashara, tuone tarehe yake. Muda wa kuongea Lawi mnao, barua hamjawahi kuionyesha.