Mjadala: Video ya simu ikubalike kwenye ndondo, au neno la refa libaki la mwisho?

Mleta mada, Nkuhungu
Wakuu, Jumamosi hapa mtaani Dodoma tulikuwa na nusu fainali ya ndondo. Mbuzi wa bingwa amefungwa chini ya mwarobaini, anasubiri wenyewe. Dakika za lala salama jamaa akaachia shuti la chini, vumbi likatimka, mpira ukakutwa nyuma ya goli. Umepita ndani ya mlingoti au nje? Refa akasema nje. Dogo mmoja alikuwa anarekodi, akamkimbilia na simu: "Refa, jionee mwenyewe!" Refa hakuigusa hata kwa kidole. Mechi ikaishia hapo, na mbuzi mpaka naandika yuko kwa mjumbe anakula majani.

Mimi nasema video ikubalike. VAR, yaani refa msaidizi anayetazama video, iliingizwa kwenye sheria za soka mwaka 2018, na Kombe la Dunia la Urusi likaitumia mwaka huohuo. Refa wa Fifa anakimbilia runinga pembeni ya uwanja mbele ya dunia nzima, anafuta uamuzi wake. Wa kwetu anajiona nani?

Refa wa Kizota
Mkuu, mimi ni miaka tisa nachezesha ndondo na simu ya mtu siigusi. Leo upande huu una video, kesho wale wana yao, imechukuliwa kona nyingine na imekatwa pale wanapopataka. Kamera za VAR si za shabiki. Na hata VAR haiingilii kila kitu: ilipoanza 2018 ilikuwa bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi aliyopewa asiyehusika. Basi. Halafu simu ikinidondoka pale, nani analipa kioo?

Kilichotusaidia sisi marefa ni kadi. Kombe la Dunia la 1966, robo fainali ya England na Argentina, refa Mjerumani alimtoa Rattín, nahodha wa Argentina. Huyu anaongea Kihispania, yule hakijui, mtu kagoma kutoka, mchezo umesimama. Ken Aston, aliyesimamia marefa wa mashindano yale, alipata wazo akiwa kwenye taa za barabarani: njano na nyekundu. Mexico 1970 kadi zikaanza kazi. Kadi nikiinyanyua, uwanja mzima umeiona kwa pamoja. Simu tunaiona mimi na dogo wako.

Mwananchi wa Ipagala
Mnaongelea video, Pretoria mmeisahau? Tarehe 5 Aprili 2024, sisi Yanga na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Aziz Ki kaachia kombora, limegonga mwamba, likadunda chini, banda la mpira lote tumeruka, muuza chipsi kaacha karai linaungua. VAR ilikuwepo! Bao likakataliwa, tukatolewa kwa penalti. Video ni ileile mpaka leo: sisi tunaona umevuka, watani wanaona haujavuka. Kilichokosekana ni teknolojia ya mstari wa goli, ile inayomtumia refa ishara kwenye saa ya mkononi. Kwa hiyo simu ya dogo, vumbi la Julai hili, itaamua nini?

Fundi seremala, Majengo
Samahani, mnabishana juu ya juu. Milingoti ya goli hilo niliichonga mimi. Haina nyavu, na mleta mada kalipita hilo kimyakimya.

Nyavu nazo zilizaliwa na ugomvi huuhuu wa ndani au nje. Mhandisi mmoja wa Liverpool, John Brodie, alibuni mfuko wa nyavu nyuma ya milingoti ili mpira uliopita ndani unaswe humohumo, kila mtu auone. Mwaka 1891 zikajaribiwa kwenye mechi kule Nottingham. Mnadai cha 2018, na cha 1891 hamjakifunga.

Mleta mada, Nkuhungu
Fundi umenikamata. Nyavu tutafute, hata chakavu za wavuvi wa Mtera zinatosha, nina mtu wa fuso anapita huko kila wiki.

Ila nusu ya hoja yangu bado imesimama. Mwaka 1986 Maradona aliwafunga England kwa mkono, na nyavu zilikuwepo, zikaupokea mpira vizuri tu. Nyavu hazioni mkono, hazioni kuotea. Tukubaliane hivi: kamati iteue mtu mmoja wa kurekodi, asiwe wa timu yoyote, asimame usawa wa goli.

Refa wa Kizota
Asiye wa timu yoyote, Nkuhungu hii? Mtamtoa Singida.

Leteni nyavu kwanza. Na ajulikane zinalala kwa nani, maana zetu za mwaka jana tulizikuta zimezungushiwa banda la kuku.