Bendi "haikuleta watu", lakini video yetu ndiyo mnaitia watu nayo! Wenye kumbi Mombasa, lipeni wanamuziki

Wadau, salamu baadaye. Leo nimechoka.

Kuna ukumbi mmoja wa ufuoni upande wa Bamburi, jina nalihifadhi kwa sasa maana sitaki uzi ufutwe kabla haujasomwa. Tulikubaliana nao shilingi 30,000 kwa usiku mmoja, bendi ya watu saba, seti tatu. Tukapiga seti zote tatu. Tukalipwa 9,000. Sababu tuliyopewa: "Bendi yenu haikuleta watu."

Haya. Sasa fungua ukurasa wao wa Facebook uone tangazo lao la kila Jumamosi. Waliomo kwenye video ni sisi! Na wimbo ni wetu wenyewe, tuliutunga, si wa kukopi. Dada yetu anaimba, watu wamesukuma viti ukutani wanakata chakacha, na juu ya picha wameandika jina la didjei wao na bei ya kiingilio. Jina la bendi halipo hata kwa herufi ndogo. Yaani bendi ambayo haikuleta watu ndiyo inayotumika kuita watu, na kiingilio wanakula wao.

Nieleze usiku wenyewe ulivyokuwa, maana najua wapo watakaosema wanamuziki tunapenda kulalamika.

Ukumbi ulituambia vyombo vipo. Tulipofika jioni kupima sauti, vyombo ni spika mbili za didjei, na didjei mwenyewe hataki mtu aguse mixa yake. Ikabidi tupige simu Kongowea, tukakodi spika, mixa na maiki kwa 6,000. Pikapu kutoka Mishomoroni kwenda na kurudi, kwa sababu dramu na ampu ya besi haviingii kwenye tuktuk, 3,500. Piga hesabu mwenyewe. 9,500 zimetutoka, 9,000 zimeingia. Watu saba tumefanya kazi usiku kucha tukarudi nyumbani na deni la mia tano.

Didjei alilipwa saa nne, kabla hatujachomeka waya hata mmoja. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake simu yake ilipolia ujumbe wa M-Pesa, na akamwambia meneja "imefika, bosi". Mabaunsa walilipwa. Wa nyama choma alilipwa. Sisi tukaambiwa tungoje mlango wa jikoni, tukangoja pale na vyombo vyetu mpaka wafanyakazi wamemaliza kupiga deki. Meneja akaja na kitabu cha kaunta mkononi. Akaanza, "Kaka, leo baa haikuuza." Nikamwambia bosi, sisi hatukukubaliana mauzo ya baa, tulikubaliana 30,000, na ujumbe wako wa WhatsApp huu hapa. Akasema naweza kuwapa 12,000. Halafu akafungua ukurasa mwingine: pilau sahani saba, soda, maji. Akakata 3,000. Pilau ambayo alituletea mwenyewe akisema "karibuni mle, nyinyi ni watu wa nyumbani"!

Mpiga dramu wetu, ambaye kwa kawaida haongei, alimuuliza swali moja tu: "Na baa ingeuza sana ungetuongeza?" Meneja akacheka akaondoka.

Na msidhani ni huyu mmoja. Huu ndio mtindo wa mji mzima. Arusi za huku kamati inalipa hema, viti, mpishi, mpambaji, mpiga picha, mpaka anayemwagia maji uwanja usitimke vumbi. Ikifika kwa bendi utasikia, "Vijana, hii itawapa jina, watakuja watu wakubwa." Jina! Tumepata jina la kutosha, jamani. Mwenye nyumba tunamofanyia mazoezi hapokei jina. Tokeni za stima hazinunuliwi kwa jina. Na uchaguzi wa 2027 huo unakuja, wanasiasa wataanza kutupandisha kwenye malori tupige Likoni mpaka Changamwe kutwa nzima juani, malipo fulana yenye sura ya mheshimiwa.

Watu hawajui bendi inakula kiasi gani hapa Mombasa kabla haijaingiza shilingi. Didjei ana laptopu. Sisi tuna vyombo vinavyoliwa na hewa ya bahari. Hewa hii ya chumvi ni adui, wallahi. Nyuzi za gitaa unafunga leo, baada ya muda mfupi zimeshika kutu, zinakwaruza vidole na sauti imekufa. Tundu la kuchomekea waya linaota ukungu wa kijani ndani, ukigusa kidogo tu linakoroma spika nzima. Mimi kabla ya kila shoo natoa matundu yote nayasugua kwa msasa laini na spiriti, na bado utanisikia katikati ya wimbo nimekanyaga waya kwa kidole gumba cha mguu ili usikatike. Mtazamaji anadhani ni mtindo wa kucheza.

Na sote tuna kazi nyingine. Dramu anaendesha tuktuk. Besi yuko yadi ya makontena Changamwe, meli ikiingia zamu inabadilika na mazoezi yamekufa. Mwimbaji anasuka nywele. Kwa hiyo mazoezi ni usiku, na usiku kuna majirani, na majirani wana haki yao. Kanuni za kelele za 2009 ziko upande wao, nasi hatutaki ugomvi na askari. Tumeziba madirisha kwa magodoro, chumba kinakuwa kama tanuri la maandazi, tunapiga polepole huku jasho linadondoka kwenye vinanda. Siombi huruma. Nasema tu kwamba seti tatu mlizozisikia Bamburi hazikuanguka kutoka mbinguni.

Halafu kuna misimu. Aprili mpaka Juni masika yanapiga, watalii hawapo, mahoteli mengine yanafunga kabisa yanapaka rangi. Ramadhani ngoma zinanyamaza, na ni sawa, ndio mji wetu. Kwa hiyo bendi ya hapa inaishi kwa Desemba, Agosti kidogo, na arusi za baada ya Idi. Ukidhulumiwa Desemba umedhulumiwa mwaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mji huu ulikuwa na adabu ya bendi. Them Mushrooms walianza 1972 huku huku Pwani, wakakulia kwenye mahoteli ya kitalii. Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake akatupa bango, muziki ambao leo hakuna arusi ya Pwani inayokamilika bila huo. Bendi ya hoteli ilikuwa ajira. Siku hizi hoteli inakwambia inataka "live band", ukifika unaambiwa wawili wanatosha, mmoja na gitaa na mwingine na laptopu yenye midundo, na mpige zile zile za kukaribisha wageni. Ukipiga wimbo wako meneja anakuonyesha ishara ya shingo.

Sasa najua majibu yatakayokuja, wacha niyajibu kabisa tusipotezeane muda.

"Wekeni muziki mtandaoni." Tumeweka. YouTube wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka ndipo upate mgao kamili wa matangazo. Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote. Bendi kubwa zinafika huko asubuhi moja. Sisi wa bango na chakacha mchanganyiko, tusio na pesa ya kusukuma tangazo, tunapanda kidogo kidogo. Na bado studio unalipa kwanza, na video unalipa kwanza. Ile milio ya simu ya kumsubirisha mpigaji, sheria imesema mgao wa msanii usipungue asilimia 52, vizuri sana, lakini asilimia 52 ya watu wangapi kama hakuna redio inayokupiga? Mtangazaji mmoja alituambia waziwazi, "Wimbo mzuri, ila leteni ya mafuta."

"Mirabaha je?" Vyama vya kukusanya mirabaha vimegawanyika, watunzi kwao, waimbaji na wapigaji vyombo kwao, watayarishaji kwao, unajipanga mwenyewe unaingilia wapi. Lakini niambieni, ukumbi usioandika popote nyimbo zilizopigwa usiku ule, nani atajua bango letu lilipigwa? Uzi wa mirabaha ni mwingine, mtu auanzishe, nitachangia.

"Tafuteni lebo iwasaini." Ahaa. Hapa ndipo pananichekesha. Tuliwahi kuletewa mkataba. Kurasa za Kiingereza kizito, jamaa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, anatuharakisha tusaini kabla hajaondoka na SGR ya usiku. Besi wetu, ambaye kazini anasoma makaratasi ya forodha kutwa, akasema ngojeni. Akasoma. Ndani: nyimbo zote, zilizotungwa na zitakazotungwa, ni mali ya lebo kwa miaka kumi. Gharama za studio zinakatwa kwenye pesa zetu. Nusu ya kila shoo ni yake, hata shoo tuliyojitafutia wenyewe. Yeye analeta nini? "Mtandao wa watu." Ndiyo maana kalamu ilikuwa na haraka: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataka kuhamisha hakimiliki kuwe kwa maandishi na kutiwe saini, bila saini yako hana kitu. Tukamrudishia karatasi zake akaenda zake. Kwa hiyo ndiyo, hatujasainiwa, na hivyo tulivyo tunamiliki kila mstari tuliotunga. Ukiwa na shida na hilo shida ni yako.

Nirudi kwa hawa wa Bamburi. Nilimwandikia meneja kwa heshima zote, hata "shikamoo" niliweka ingawa tunalingana umri. Nikamwomba mawili: atumalizie 21,000 zilizobaki, na aishushe video au ailipie. Akajibu kwa kidole gumba. Kidole tu, hakuna neno. Kisha akatufungia tusiweze kumwandikia tena, mimi na mwimbaji na dramu, sote. Sheria hiyo hiyo ya hakimiliki inampa mtumbuizaji haki ya kukubali au kukataa onyesho lake lirekodiwe. Hakuna aliyetuuliza. Nilimwona kijana na simu mbele ya jukwaa nikadhani ni mteja anajiburudisha.

Kwa hiyo tumeamua hatuendi kugombana mlangoni kwake wala kurusha mawe. Tunaenda Mahakama ya Madai Madogo. Kwa wasiojua: ilianzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai ya mpaka shilingi milioni moja, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili, unajisimamia mwenyewe. Makubaliano yetu yako kwenye WhatsApp, bei imeandikwa na tarehe imeandikwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeituma. Tunakusanya pia risiti ya spika na ujumbe wa M-Pesa wa ile 9,000. Ahadi ni deni, tutaona kama hakimu naye atamwonyesha kidole gumba.

Na kuanzia sasa bendi yetu haichomeki waya bila nusu kuingia kabla ya siku ya shoo na nusu ya pili kabla ya seti ya mwisho. Na karatasi moja yenye bei, saa, vyombo ni vya nani, chakula ni cha nani, na nani anaruhusiwa kurekodi. Tayari wawili wametuambia tunaringa, wakachukua bendi nyingine kwa 8,000. Hapo ndipo naumia na nyinyi wenzangu, sitaficha. Mnapokubali 8,000 kwa watu sita, spika mkodi wenyewe, mnatuua sote. Huyo meneja ananipigia akisema, "Fulani wanapiga kwa nane, wewe unataka thelathini una nini?" Sina la ajabu, nina kodi ya chumba. Tukae siku moja, hata pale Mama Ngina chini ya mibuyu, mihogo nanunua mimi, tukubaliane bei ambayo hakuna bendi itashuka chini yake. Tuktuk wana chama, matatu wana sako, mama mboga wana kikundi. Sisi wenye mdomo mkubwa kuliko wote hatuna hata grupu la WhatsApp lisilovunjika kwa ugomvi wa nani anaimba vizuri.

Naomba msaada kwa haya, si matusi:

Kuna mwanamuziki yeyote humu aliyewahi kwenda Madai Madogo hapa Mombasa akidai malipo ya shoo? Ilikuwaje, na uliulizwa ushahidi gani? Na habari ya video, naona ni kesi tofauti kwa sababu si deni la huduma. Mwenye ujuzi wa hakimiliki anijuze nianzie wapi kabla hawajaifuta na kusema haikuwahi kuwepo. Tumeshaipakua, na picha za skrini zenye tarehe tunazo.

Kama unamjua fundi wa ampu asiyebadilisha spea nzima kwa fake, Kisauni au Majengo, niandikie pia. Ampu ya besi ilirudi kutoka usiku ule inakoroma.

Na nyinyi bendi za Pwani, huu ukumbi wa Bamburi ukiwapigia simu ya Desemba, nitumieni ujumbe wa faragha niwatajie jina. Natuma na picha ya kile kidole.