Majirani Tabata: barua ya Jasmini

Mama Jasmini: Habari za jioni majirani. Jasmini anaomba kazi, mwisho wa kutuma ni kesho saa nne asubuhi. Naombeni mumpitie hii aya kabla hajaituma:

"I am applying for a post of Accountant advertised on your website. I am accountant with an experience of five years in a NGO. I hold the degree in Accounting from University of Dar es Salaam and I am a NBAA member."

Mwl. Shabani: Sarufi yake si mbaya. Makosa ni saba, na yote ni ya "a", "an" na "the".

Baba Iddi: Saba kwenye sentensi tatu! Shikamoo mwalimu. Yataje basi.

Mwl. Shabani: Marahaba. Naanza na "a post". Nafasi imetangazwa na mwajiri anaijua, kwa hiyo ni "the post". Akiandika "a post" ni kama anasema nipeni nafasi yoyote. Pili, kazi ya mtu katika umoja haikai peke yake: "I am an accountant". Ila "the post of Accountant" aiache hivyo hivyo, pale ni jina la cheo.

Dada Zuhura: Mwalimu, niongezee hapo kwenye "experience". Ikiwa na maana ya uzoefu wa kazi haihesabiki, kwa hiyo "an" inatoka: "with five years' experience". Hicho kialama cha juu baada ya "years" asikisahau. "An experience" ipo, lakini maana yake ni tukio lililompata mtu.

Baba Iddi: "The degree" ina shida gani? Si anaijua digrii yake?

Dada Zuhura: Anaijua yeye. Kinachoangaliwa ni kama msomaji naye anajua ni ipi inayosemwa. Mwajiri ndiyo kwanza anaisikia, kwa hiyo ni "a degree". Akiitaja tena chini, hapo ndipo inakuwa "the degree".

Mwl. Shabani: Kwa Kiswahili tofauti hiyo tunayo, ila tunaificha ndani ya kitenzi. "Nimenunua kitabu" ni kitabu chochote. "Nimekinunua kitabu" ni kile tulichokwisha kukizungumzia. Ukisikia hiyo -ki- inataka kuingia, Kiingereza mara nyingi kinataka "the". Kipimo hiki kina mpaka wake lakini: kwa watu na wanyama kinagoma, maana "nimemwona mwalimu" tunasema hata kama hajulikani ni mwalimu gani. Huko tumia "yule". Kama "yule mwalimu" inakaa vizuri, weka "the".

Mama Jasmini: Hiyo ya -ki- nimeielewa. Na NGO je?

Mwl. Shabani: Sikiliza sauti, usiangalie herufi. NGO inatamkwa "en-ji-o", inaanza na irabu: "an NGO". NBAA, ile bodi ya wahasibu, ni "en-bi-ei-ei", kwa hiyo "an NBAA member". Lakini NIDA tunaisoma kama neno, sauti ya kwanza ni n: "a NIDA number". Herufi ile ile N, majibu mawili. Hivyo hivyo "an HR officer" ila "a house", "an hour" ila "a UDSM graduate", kwa sababu U hapo inasikika "yu".

Kaka Deo: Na hiyo n si nyongeza. Zamani neno lilikuwa "an" peke yake, likiwa na maana ya "moja", baadaye n ikadondoka mbele ya konsonanti. Ndiyo maana "a" haikubali wingi wala kisichohesabika. Kama "moja" haikai, na "a" haikai.

Dada Zuhura: La saba ni chuo: "the University of Dar es Salaam". Jina lenye "of" namna hiyo kwa kawaida linachukua "the", kama "the Bank of Tanzania". Muhimbili National Hospital haina.

Mama Jasmini: Mungu awabariki. Aya ya pili ni fupi:

"I kept the register of office furnitures and gave advices to staff on tax. I have little knowledge of QuickBooks. I am available for the interview from the Monday."

Kaka Deo: Aifute hiyo "little knowledge" sasa hivi 😂 "Little" bila "a" ni kusema hajui karibu chochote. "A little" ni kwamba anajua kiasi. "Few" na "a few" ni mchezo huo huo.

Dada Zuhura: Kwenye barua ya kazi hata "a little" ni kujishusha. Kama anaijua kweli hiyo programu ya uhasibu, aandike "a good knowledge of QuickBooks". Ndiyo, "knowledge" haihesabiki, lakini ikitanguliwa na sifa kama "good" na kufuatwa na "of" inaruhusu "a". "Advice" hairuhusu hata kwa sifa: "gave good advice". "Furniture" nayo haina s kabisa.

Mwl. Shabani: "The interview" iwe "an interview", kwa kuwa hajaitwa bado. "Monday" ikae bila kitu. Na "the register" iko sawa, hiyo "of office furniture" inaonyesha ni rejista ipi.

Baba Iddi: Nidandie hapo hapo. Iddi yuko darasa la sita, amesahihishiwa "the Lake Victoria". Mbona Rufiji inawekewa?

Mwl. Shabani: Kiingereza ndivyo kilivyo, Baba Iddi, hapo ni kukariri. Mito, bahari na safu za milima zinachukua: the Rufiji, the Indian Ocean, the Usambara Mountains. Ziwa moja, mlima mmoja na majina mengi ya barabara hazichukui: Lake Victoria, Mount Kilimanjaro, Morogoro Road. Tanzania hapana, "the United Republic of Tanzania" ndiyo.

Mama Jasmini: Jasmini anarekebisha, nairudisha hapa saa tatu usiku. Msilale.