Msaada: seli yangu ya mkaa inakufa baada ya dakika 40, nakosea wapi?

Mkaa_Kwanza:
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho, diploma ya umeme. Mradi wangu ni seli ya kaboni: kutoa umeme kwenye mkaa moja kwa moja, bila mvuke wala jenereta. Nimemwiga William Jacques, Mmarekani aliyepata hataza yake 1896. Yeye alikuwa na chungu cha chuma, ndani yake kostiki soda iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 400 hadi 500, kijiti cha kaboni katikati, na hewa inapulizwa humo ndani. Kijiti hasi, chungu chanya. Akaunganisha seli 100, akapata kama kilowati 1.5.

Jaribio la kwanza nilitumia sufuria la nyumbani. Kostiki ikaanza kufoka hata moto haujakolea, sufuria likatoboka kitakoni. La pili nikachukua kipande cha bomba la chuma, nikakichomelea kitako, nikakiweka juu ya jiko la mkaa, hewa natia kwa pampu ya baiskeli. Mita ikasoma volti 0.8, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Dakika 40 baadaye ikawa 0.3, na juu pana gamba jeupe kama ukoko. Bado wiki sita nisimame mbele ya walimu. Naombeni ushauri.

Mama Sabuni:
Mwanangu, kostiki naijua, ndiyo inayonilisha. Alumini na kostiki havikai pamoja. Lile povu lilikuwa na haidrojeni, na wewe una moto chini yake! Mshukuru Mungu. Vaa miwani na ngao ya uso, glovu ndefu za ngozi, na tone la maji lisisogee karibu na kostiki iliyoyeyuka, itakurukia.

Bwana Fyuzi:
Kwa hiyo mkaa ndani, mkaa na chini? Si uchome mahindi tu mkuu 😂

Volti Ndogo:
Fyuzi anatania ila kagusa penyewe. Jacques alitangaza ufanisi wa 82%, lakini hakuhesabu moto wa kuchemshia chungu wala nguvu ya pampu ya hewa. Ukivijumlisha, inabaki kama 8%.

Sasa gamba lako. Hayo ni magadi, mdogo wangu. Kaboni ikiungua inatoa kaboni dioksidi, nayo haitoki nje, inakamatwa na kostiki na kuwa sodiamu kaboneti. Kostiki inayeyuka kwa nyuzi 318, kaboneti ni 851, ndiyo maana inaganda juu. Piga hesabu: gramu 12 za kaboni zinakula gramu 80 za kostiki. Yaani kilo moja ya kaboni inataka kostiki kilo 6.7. Unachokitumia kama mafuta ni kostiki, mkaa unasindikiza tu. Mkemia Mjerumani Fritz Haber naye alichunguza seli hii miaka michache baadaye, akasema umeme wenyewe unatokana na haidrojeni inayozaliwa humo chunguni.

Mkaa_Kwanza:
Daah. Na mimi kwenye pendekezo nimeandika kilo moja inatoa yuniti 9 😩

Volti Ndogo:
Kinadharia ni kweli, kama 9.1, kaboni ikiungua kuwa kaboni dioksidi tu, na hapo seli moja ni kama volti 1.02. Uzuri wa kaboni ni kwamba karibu nishati yake yote ya kemia inaweza kuwa umeme, injini haifiki hapo. Ndiyo maana watafiti wakubwa hawajaiacha. Wengine wanatumia kaboneti zenyewe zilizoyeyushwa, za lithi, sodiamu na potasiamu, ambazo hazina cha kuliwa na kaboni dioksidi. Wengine kauri ya zirkonia. Ila hapo joto ni 700 kwenda juu, mkaa unaanza kutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, na majivu yanachafua kila kitu. Kwa wiki sita usiguse huko. Na hata hiyo seli yako ndogo, fanyia nje.

Fundi Tanuri:
Mkaa wenyewe umeupima? Uliotoka tanuri la udongo haufanani. Ugonge: unaolia kama kigae umeiva, unaotoa moshi hata ukiwaka bado ni kuni. Ambao haujaiva haupitishi umeme vizuri. Weka mita kwenye ncha mbili, ohmu zikiwa nyingi tupa. Na hilo bomba, kama ni la maji lina zinki, nayo inaliwa na kostiki.

Volti Ndogo:
Nyongeza nzuri. Dogo, badilisha kichwa cha mradi. Usiahidi kuchaji simu. Pima mkaa kabla na baada, pima kostiki, chora volti dhidi ya dakika, linganisha mkaa wa vifuu na wa miti. Hizo dakika 40 za kufa ndizo data yako.

Mkaa_Kwanza:
Shukrani sana wakuu, shikamoo Mama Sabuni. Bomba ni la maji kweli, kesho naenda kutafuta jeusi, lisilo na zinki. Swali lililobaki halina kemia: mama anarudi Jumapili, na lile sufuria ndilo la pilau.

Mama Sabuni:
Marahaba. Nunua jipya kabla ya Jumapili.