Ushauri: tukosoane vipi baada ya mchezo wa Mafia bila kufukuza wageni?

Mchana_Kweupe:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaosimamia michezo ya kusaka wasaliti.

Nasimamia grupu la Telegram tunakocheza Mafia kwa maandishi: mafia wachache wanajuana na kuua mtu kila usiku, wanakijiji hawawajui, na mchana wote wanapiga kura kumtoa wanayemshuku. Wengi tulijuana kwenye mchezo wa mtandaoni wa Among Us mwaka 2020, tukahamia huku kwa kuwa tulitaka muda wa kutosha wa kubishana. Wakati wa mchezo watu wanatuhumiana vikali na sina shida na hilo, ndio mchezo wenyewe. Shida inaanza nikishatangaza nani alikuwa nani.

Juzi walibaki watatu: mafia mmoja na wanakijiji wawili. Dada mmoja mgeni akampigia kura mwanakijiji mwenzake, kijiji kikaanguka. Hapohapo mchezaji mzoefu akaandika: "Wewe ni mzigo. Mwenye akili timamu angeona. Usirudi kucheza." Wengine wakabandika vicheko. Dada akaandika "samahanini wote", akajitoa. Nimemtafuta pembeni, kimya.

Kinachoniumiza kichwa ni kwamba yule kaka alikuwa na hoja. Kura za siku ya pili zilionyesha mafia akikwepa kumpigia kura mafia mwenzake, na zilikuwa wazi kwa kila mtu. Nataka mambo kama hayo yasemwe, ndiyo yanayotufundisha. Nikipiga marufuku kukosoa tutabaki tunapeana pongezi tu. Mnafanyaje kwenu? Nawasilisha.

Kobe_Mzee:
Pole mkuu. Swali moja: huyo kaka alikuwa hai au keshauawa?

Mchana_Kweupe:
Aliuawa usiku wa kwanza. Alikuwa chumba cha wafu, kule waliotolewa wanakotazama mchezo ukiendelea.

Kobe_Mzee:
Basi shida yenu iko hapo. Dimitry Davidoff alipoubuni mchezo huu Moscow mwaka 1986, aliujenga juu ya wachache wanaojua dhidi ya wengi wasiojua. Wafu wenu kama wanaonyeshwa nafasi za wote, wanatazama wakiwa wameshajua mafia ni nani, na kila kosa la walio hai wanaliona la kijinga. Yule dada alikuwa na watu wawili mbele yake na mafia ni mmoja wao. Asipokuwa na ushahidi, hiyo ni nusu kwa nusu.

Kwetu anayekosoa lazima ataje ujumbe au kura ambayo mhusika aliweza kuiona wakati ule. Mwambie kaka aandike hivi, tuseme wachezaji ni Kijani na Bluu: "Siku ya pili, Kijani alihamisha kura dakika za mwisho, Bluu akapona. Ukiisoma tena utaona kwa nini Kijani alistahili kushukiwa." Hoja ni ileile, na mtu anaondoka na kitu cha kutumia kesho.

Simba_wa_Bara:
Mnalainisha mno. Huu ni mchezo wa kudanganyana, asiyeweza kuambiwa ukweli akacheze bao.

Binti_Ngamiani:
Kaka Simba, kumwita mtu mwongo katikati ya mchezo ni kazi yako, umepewa nafasi hiyo. Kumwambia hana akili mchezo ukiwa umeisha hakumtoi mafia yeyote. Na hata kama unajali ushindi tu, mgeni aliyetukanwa leo mchezo ujao hafungui mdomo, na mwanakijiji asiyeongea ni zawadi kwa mafia. Hamtaweza kumsoma, mtamtoa bure.

Mchana_Kweupe, mimi huwa nalifunga grupu baada ya kutangaza matokeo, admini tu ndio wanaandika, hadi asubuhi. Likifunguka, wa kwanza kuongea ni aliyepiga kura ya mwisho: aeleze alikuwa anaona nini. Mara nyingi wakosoaji wakishamsikia wanafuta nusu ya walichotaka kusema. Kisha nampa neno mafia aliyeshinda, aeleze alivyowazuga. Watu wanasahau kwamba upande wa pili nao ulikuwa unacheza, na unacheza vizuri.

Na vicheko vile usiviache. Tusi la mmoja linauma, lakini grupu zima kumcheka ndiko kunakomtoa mtu.

Mchana_Kweupe:
Asanteni sana. La kufunga hadi asubuhi naanza nalo mchezo huu unaoendelea. Nimeongea na yule kaka, amekubali kuandika upya kwa mtindo wa Kobe na kuomba radhi. Ila dada hayumo tena kwenye grupu. Niiweke hadharani au nimtumie yeye?

Kobe_Mzee:
Hadharani. Waliocheka nao wasome.

Binti_Ngamiani:
Mimi ningezitenganisha. Tusi lilitolewa mbele ya watu, radhi nayo iombwe mbele ya watu, halafu umpelekee nakala. Uchambuzi wa kura usimtumie mpaka umuulize kama anautaka. Na mwambie kabisa kwamba nafasi yake kwenye mchezo ujao umeishikilia.