Nimebadilisha soketi ya sebuleni, vyumba vya nyuma havina stima. Msaada (Lamu)

Kijana_Langoni: Assalaam aleikum wanajamvi. Nyumba yetu hapa Langoni ni ya mawe ya kale, na soketi ya sebuleni ilikuwa imeliwa na chumvi. Nimezima swichi kuu, nikafunga mpya. Stima iliporudi, taa zote zinawaka na soketi hiyo inafanya kazi, lakini za jikoni na vyumba vya nyuma zimekufa. Breka haijaanguka, tokeni zipo. Kinachonitatiza ni testa, ile bisibisi yenye taa ya kupima stima: jikoni inawaka matundu yote mawili, na friji imenyamaza na samaki wa mama wa kuuza kesho wamo ndani. Nianzie wapi?

Bahari_Yangu: Breka imechoka hiyo. Weka kubwa zaidi.

Fundi_Malindi: Tafadhali usiweke. Breka haina kosa. Ukifunga kubwa kuliko uwezo wa waya, waya utaungua ndani ya ukuta na breka itabaki juu.

Jibu umelitoa mwenyewe: testa kuwaka kotekote. Laivu, waya mwekundu unaoleta stima, inafika jikoni; nyutro, ule mweusi wa kuirudisha, ndiyo iliyokatika. Laivu inaingia kwenye friji, inatokea upande wa nyutro, na kwa kuwa haina njia ya kurudi, tundu hilo nalo linawasha testa. Chomoa kila kitu jikoni na vyumbani, kisha upime tena. Na nakusihi, usiushike waya mweusi ukidhani hauna madhara. Nyutro ikikatika namna hiyo na kitu kimechomekwa, ina volti 240 za kuua mtu.

UmmuShela: Mwanangu, mwambie mama asifungue friji ovyo, na atafute barafu mapema.

Kijana_Langoni: Shukran, mama. Fundi, nimechomoa friji na chaja zote. Sasa tundu moja tu linawaka.

Fundi_Malindi: Basi ni nyutro. Zima swichi kuu, mwambie kila mtu nyumbani asiiguse. Jaribu testa kwanza penye stima kabla ya kuzima, maana testa mbovu huonyesha hakuna moto kumbe upo. Fungua ile soketi mpya. Naamini utakuta nyekundu mbili na nyeusi mbili: jozi moja inaleta, nyingine inapeleka nyuma. Nyeusi inayopeleka itakuwa imechomoka, au skrubu imebana ganda la plastiki badala ya shaba. Huku pwani shaba huota kutu ya kijani. Kata mpaka ufikie inayong'aa, rudisha, kaza, kisha vuta kila waya mmoja mmoja. Usisahau athi, waya wa kinga.

Ukikuta nyeusi zote zimeshika sawa, funga na uache hapo. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kosa litakuwa kwenye boksi jingine. Na taa zikianza kung'aa kupita kiasi au kufifia, zima kila kitu upige 97771 ya Kenya Power. Hapo huenda nyutro ya nje ya nyumba ndiyo iliyokatika.

Kijana_Langoni: Alhamdulillahi! Nyeusi moja ilikuwa imebanwa kwenye ganda, na ncha yake ya kijani kabisa. Nimeikata na kuikaza, friji inanguruma. Samaki bado ni baridi.

Fundi_Malindi: Vizuri sana. Sasa tazama boksi la breka: kama kuna swichi yenye kitufe cha T, ile inayokata stima ikivuja, kibonyeze. Isipoanguka, au kama haipo kabisa, mwite fundi wiki hii hii.